Kupunguza uzito: maneno ya watu si muganga

Iwe ni Bukavu, Goma, Lubumbashi ao Bunia, mtu akipunguza kilo sita hana haja ya kutangaza. Mji mzima unamtangazia. Sokoni, kanisani, kazini, kwenye matanga, swali ni moja: « Umekonda sana, uko mgonjwa? » Anayeulizwa pengine ndiyo kwanza ameanza kulala vizuri usiku. Tansio imeanza kushuka, magoti hayaumi tena akipanda mlima. Lakini akiulizwa mara kumi kwa siku moja, akirudi nyumbani anajitazama kwenye kioo na kujiuliza kama watu hawasemi kweli.

Hapo ndipo safari ya watu wengi inakatika. Njaa wameizoea, kutembea wamekuzoea, ila maneno yanawashinda. Muganga alisema jambo lake mara moja, dakika kumi, huku foleni ikisubiri mlangoni. Jirani, shemeji na mama wa kwaya wanasema kinyume chake kila siku. Anayesema mara nyingi ndiye anayesikilizwa, hata kama hajawahi kumpima mtu damu.

Ndiyo maana mwenye kupunguza uzito kwa ajili ya afya anahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni mpango wa chakula na mazoezi. Cha pili, ambacho hospitali hazikifundishi sana, ni mpango wa maneno: nani aelezwe, nani ajibiwe kwa kifupi, na neno gani lisikilizwe kwa makini hata kama linauma.

Mwili unasomwa kama habari ya nyumba

Nchini Kongo, kusema juu ya mwili wa mtu ni sehemu ya salamu. « Umenenepa! » ni sifa. Maana yake ni kwamba mambo yanaenda, kazi inalipa, tumbo lina amani. Aliyetoka safari anapimwa kwa macho kabla hajaweka mzigo chini: akiwa amenenepa, kule alikokuwa kuna maisha, akiwa amekonda, ameteswa. Mwanaume mwenye kitambi anaitwa « patron » hata kama hana franka moja mfukoni. Bibi aliyeolewa juzi akianza kukonda, wazazi wake wanaanza kumwangalia mkwe kwa jicho lingine.

Kwa hiyo uzito wa mtu si jambo lake peke yake. Ni habari juu ya nyumba yake, juu ya bwana anayeleta posho, juu ya bibi anayepika, juu ya ukoo mzima. Mtu anayekonda kwa kupenda anatuma habari ambayo hakukusudia kuituma. Yeye anajua kwamba anafuata shauri la muganga. Mtaa unasoma shida, ugonjwa ao ndoa inayovunjika.

Tena woga huo una historia. Mradi wa utafiti ulioitwa Projet SIDA ulianza Kinshasa mwaka 1984, wakati dunia ilikuwa bado inajifunza kuujua ugonjwa huo. Kwa miaka mingi iliyofuata, kabla dawa hazijafikia watu wengi, wakaaji wa miji ya Kongo waliona ndugu zao wakikonda mwezi kwa mwezi hadi kaburini. Kukonda kukawa hukumu. Mwanamuziki Franco Luambo, aliyejulikana kwa umbo lake kubwa, alitoa wimbo wa kuonya juu ya SIDA mwaka 1987. Alipoonekana amepungua mwili, mji mzima ukaanza kunong'ona juu yake, na minong'ono haikuisha hata alipofariki tarehe 12 Oktoba 1989 huko Ubelgiji. Hata mtu mkubwa kama yeye hakuweza kukonda bila kila mdomo kutoa maelezo yake.

Kifua kikuu nacho hakijaisha. Kongo iko katika orodha ya inchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani, OMS, linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo, na kukonda ni moja ya dalili zake. Kwa hiyo mama anayeuliza « Uko mgonjwa? » hafanyi ujinga. Amezika watu. Swali lake lina upendo ndani yake, hata likitoka vibaya mdomoni.

Lakini kuna upande wa pili wa hesabu, ambao salamu za mtaani hazijaujua. OMS inahesabu kwamba mwaka 2022 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na unene wa kupita kiasi. Kipimo ni rahisi: kilo za mtu zinagawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1,60 akifika kilo 64, amegusa alama 25, pale uzito wa kuzidi unapoanzia. Akifika kilo 77, amepita alama 30, yaani unene wa ugonjwa. Unene huo unafungua mlango kwa ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na kupooza upande mmoja wa mwili. Magonjwa hayo hayapigi hodi. Mtu anaweza kusifiwa kanisani siku ya Mungu kwamba « anakaa vizuri », kumbe damu yake inagonga mishipa kwa nguvu tangu mwaka jana.

Maneno yanayorudisha watu nyuma

Neno la kwanza ni lile la woga, lililosemwa hapo juu. La pili linagusa ndoa: « Bwana haleti posho siku hizi? » Kwa mdomo wa anayesema ni mchezo. Kwa bwana mwenyewe ni tusi mbele ya watu. Wako wanaume wanaowaambia bibi zao waache kupunguza uzito, si kwa kuwa hawaelewi shauri la muganga, bali kwa kuwa wamechoka kuonekana wabahili. Na mwanaume anayekonda anapata lake: bibi hapiki, ao bibi wa pili amemmaliza.

La tatu linahusu pesa. Kule Bukavu, mtu anayeacha moto na kupanda mlima kwa miguu anaulizwa na wamotari wa kona yake kama hela ya usafiri imekosa. Anayetembea nusu saa kila asubuhi, siku tano kwa juma, anafikia dakika 150 ambazo OMS inashauri kwa mtu mzima. Hakuna dawa ya bei hiyo. Lakini kwa macho ya watu kutembea ni alama ya umaskini, na mfanyakazi mwenye nafasi yake kazini anaona haya kufika ofisini na vumbi kwenye viatu.

La nne ni sahani. Katika nyumba za Kongo kukataa chakula ni kukataa mtu. Mgeni anayeacha nusu ya bukari anaulizwa kama sombe haina chumvi, ao kama anaogopa sumu. Kwa wakwe ni vibaya zaidi. Kwenye sikukuu, chupa moja ya sukre ya sentilita 33 inaweza kuwa na karibu gramu 35 za sukari, na mgeni anayeomba maji anaonekana anajishusha ao anamdharau mwenye kumkaribisha.

Na la tano, ambalo watu hawalitazamii, ni sifa. « Sasa umekuwa mzuri, zamani ulikuwa unatisha! » Anayesikia hivyo anafurahi dakika moja, kisha anaelewa kwamba miaka yote ile watu walikuwa wanamcheka. Wengine wanamwambia: « Inatosha sasa, usiendelee. » Hayo yanakuja mapema, pengine kwenye juma la sita, wakati mwili ndiyo kwanza umeanza kuzoea. Mtu anafunga kazi kabla haijaisha, kwa sababu mtaa umemtangazia mwisho.

Mtaa unasukuma pande zote mbili

Anayefikiri kwamba maneno ni upepo tu atazame kinachouzwa kwenye famasia za mitaa. Wako vijana, hasa wasichana, wanaoambiwa kila siku kwamba ni wembamba kama fimbo. Wanakwenda kununua bila karatasi ya muganga dawa kama cyproheptadine, iliyotengenezwa kwa ajili ya mzio, kwa sababu inaleta hamu ya kula na usingizi. Wengine wanameza dexamethasone, dawa kali ambayo ikitumiwa ovyo inavimbisha uso, inapandisha sukari na shinikizo la damu, na kuiacha ghafla baada ya muda mrefu kunaweza kuangusha mtu. Hakuna ugonjwa uliowapeleka kununua. Ni salamu.

Upande wa pili, waliochekwa kwa unene wanakimbilia chai za kuharisha, kufunga kula siku nyingi bila ushauri, na vidonge visivyo na jina. Wenye kutumia dawa za sukari wanajihatarisha zaidi: wakiacha kula huku wanaendelea kumeza vidonge ao kujidunga insulini, sukari inaweza kushuka hadi mtu kuzimia.

Mwanamuziki Pepe Kalle aliitwa tembo wa muziki wa Zaire, na umbo lake lilikuwa sehemu ya sifa zake jukwaani. Alifariki kwa mshtuko wa moyo mwishoni mwa Novemba 1998, bila kufika miaka 50. Si kazi ya gazeti kusema moyo wake ulisimama kwa sababu gani. Ila mtu akikumbuka jinsi umati ulivyomnong'onea Franco alipokonda, na jinsi ulivyomshangilia Pepe Kalle na mwili wake, anaona wazi kwamba macho ya watu yanaweza kusifu na yanaweza kuogopa, lakini hayapimi damu.

Watu wachache, jibu fupi

Basi mwenye safari hii afanye nini? Kosa la kawaida ni kumweleza kila mtu. Anayeulizwa sokoni anaanza kueleza matokeo ya hospitali, kilo alizokuwa nazo, chakula alichoacha. Dakika tano baadaye amesimama katikati ya mkutano, na kila mmoja ana shauri: huyu anajua majani, yule ana dada aliyekufa kwa kukonda hivyo hivyo. Kadiri anavyojitetea, ndivyo anavyowapa watu kiti cha hakimu.

Wanaostahili maelezo kamili ni wachache. Wa kwanza ni muganga. Wa pili ni bwana ao bibi wa nyumba, kwa sababu maneno ya mtaa yatampiga naye, na ni vizuri ayasikie akiwa tayari. Wa tatu ni yule anayepika, kwa kuwa bila yeye hakuna mpango: yeye ndiye anayepima mafuta ya mawese kwenye sufuria na ukubwa wa bukari kwenye sahani. Anaweza kuongezwa rafiki mmoja wa kutembea naye asubuhi. Hao wakielewa, nyumba inasimama, na nje wanaweza kusema wanavyotaka.

Wengine wote wanatosheka na jibu moja fupi, lenye heshima, ambalo halibadiliki: « Asante Mama kwa kunijali. Niko muzima, muganga anajua. » Kisha habari za watoto wake. Neno « muganga anajua » lina nguvu, kwa sababu linaondoa mzozo mikononi mwa watu. Kwa wazee jibu linatoka taratibu na kwa shukrani. Mzee anayeuliza hali ya mwili hajafanya kosa lolote katika desturi. Kwa mwenzake wa kazi anayecheka kila asubuhi, kicheko kidogo na kurudi kazini kunatosha. Kwa anayeleta suala la posho mbele ya bwana, neno lisemwe waziwazi lakini bila hasira: « Posho iko, ni mimi ndiye ninapunguza. » Bwana akisikia hivyo, na yeye anapumua.

Sahani nayo ina njia zake. Kukataa kabisa kunaumiza; kupokea kidogo hakuumizi. Mgeni anaweza kukata bukari ndogo, kujaza lengalenga ao matembele, kuchukua samaki, na kula polepole hadi wengine wamalize. Anayemaliza haraka ndiye anayeongezwa. Kwa wakwe, ni vizuri kumwambia mama mwenye nyumba mapema, pembeni, kuliko kusukuma sahani mbele ya watu. Mama aliyeambiwa siri anakuwa mlinzi: ndiye atakayewanyamazisha wengine.

Na ni muhimu kujua hesabu ya kweli ili maneno yasiyumbishe. Mwendo unaoshauriwa kwa kawaida ni nusu kilo hadi kilo moja kwa juma. Mtu wa kilo 90 anayepunguza asilimia 5 amepunguza kilo 4,5 tu; mtaani haionekani sana, lakini mara nyingi sukari na shinikizo la damu vinaanza kusikia. Anayejua hivyo hashtuki akiambiwa « bado haujabadilika », na hasimami akiambiwa « inatosha ». Kijitabu chenye tarehe, kilo na kipimo cha tansio kinasema kweli kuliko midomo ishirini.

Pale jirani anaposema kweli

Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Ni kweli, lakini mara nyingine mlango unalia kwa sababu jirani ameona moshi.

Mtu aliyeamua kupunguza uzito anajua kwa nini kilo zinashuka: amepunguza chakula, ameongeza mwendo. Lakini kama kilo zinashuka na yeye anakula kama zamani, hiyo si sifa, ni dalili. Kikohozi cha majuma mawili ao zaidi, jasho la usiku, homa isiyoisha, kiu kali na kukojoa mara nyingi: hayo yanataka kipimo, si pongezi. Ugonjwa wa sukari wenyewe, unaojulikana kama ugonjwa wa wanene, unaweza kumkondesha mtu haraka. Vilevile anayefikia uzito aliopangiwa na bado anaogopa kila kijiko, anayejificha ili asile, huyo anahitaji msaada. Ndugu wa karibu mara nyingi ndiye anayeona kwanza.

Kwa hiyo maneno yasipimwe kwa ukali wake, yapimwe kwa mwenye kuyasema na anachokijua. Mtu wa nyumbani anayesema « Hauli tangu siku ya posho, na usiku unakohoa » ameleta habari. Mpita njia anayesema « Umekuwa kama fimbo » ameleta kelele.

Na wale wasio na chakula?

Kuna neno moja zito kuliko yote, na halipaswi kukwepwa. Katika inchi ambako watu zaidi ya milioni 25 wamehesabiwa kuwa na njaa kali, na ambako kambi za waliokimbia vita zimejaa watoto waliokonda bila kuchagua, kusema « napunguza uzito » kunasikika kama dharau. Wako wanaoacha mpango wao kwa haya tu: watasema nini mbele ya ndugu aliyetoka Masisi na nguo moja?

Haya hiyo ni ya heshima, lakini hesabu yake si sahihi. Bukari iliyoachwa kwenye sahani Lubumbashi haimfikii mtu wa Ituri. Tena unene si utajiri. Chakula cha bei rahisi mjini ni unga, mafuta, beignet za asubuhi na chai ya sukari nyingi. Matunda, samaki na mboga ndivyo vinavyokula hela. Katika nyumba moja mtoto anaweza kukosa virutubisho na mama yake akawa na sukari, wote wawili kwa sababu ya sufuria ile ile. Na mama huyo akipooza, nyumba inapoteza yule anayeuza sokoni na kulipa shule. Kumlinda yeye si anasa. Kinachotakiwa ni kiasi katika kusema: mambo ya kilo na mazoezi hayasimuliwi mbele ya mtu aliyekosa chakula cha jioni.

Inabaki kazi ya wale wanaosema, yaani karibu kila mtu. Hakuna anayeomba watu waache kujaliana. Mji ambao hakuna anayeuliza hali ya mwenzake ungekuwa mji mbaya. Kinachoombwa ni kubadilisha swali. Badala ya « Umekonda, uko mgonjwa? » mbele ya watu ishirini, iwe « Uko namna gani, nyumbani wako vizuri? » pembeni, na kumwacha mtu aseme anachotaka kusema. Badala ya kuongeza bukari kwa nguvu, kuuliza « Nikupakulie kiasi gani? » Wachungaji, walimu na wakubwa wa ofisi wangefanya vizuri kuacha utani wa vitambi na fimbo mbele ya hadhara, kwa sababu anayecheka na wengine pale mbele ndiye anayekwenda famasia jioni.

Anayepunguza uzito kwa shauri la muganga hahitaji mtaa umpigie makofi. Anahitaji umpe nafasi ya kutembea asubuhi, kula kidogo na kumeza dawa zake, bila kulazimika kueleza kila siku kwamba bado yuko hai.